Anayeleta Tani na Kuvunja Wenzake

Kwenye nyumba zetu za kampu kuko ulizo moja linalorudi kila siku ya mshahara. Bwana anaweka bahasha juu ya meza, bibi anahesabu, kisha anasema: "Mbona ule jirani anapata primi kubwa, na munatoka ku kazi saa moja?" Na jibu ni lilelile: ule anatoa tani nyingi.

Mimi nimefanya kazi ya mashini za mgodi miaka mingi, nimekuwa mtu wa ekipi na nimeongoza ekipi. Sitakuambia kwamba tani ni kitu cha bure. Bila tani hakuna mshahara, na bila mshahara batoto wanafukuzwa ku masomo. Lakini nataka tufikiri pamoja: mtu akileta tani kwa njia inayovunja wenzake, afanyiwe nini? Asifiwe? Afukuzwe? Jibu si jepesi kama watu wanavyolisema wakitoka misa.

Wewe uliyekomaa Kolwezi unajua habari ya nguzo. Chini ya ardhi wachimbaji wanaacha nguzo za mawe zishike dari. Ndani ya nguzo ile kuko shaba na kobalti, sawa na ile iliyokwisha kutoka. Kiongozi anayekata nguzo atakuwa na mwezi mzuri kupita wote: jiwe liko karibu, njia iko tayari, magari hayangoji. Ubao utaonyesha jina lake juu. Dari haliandikwi ku ubao. Mwaka 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na shaba ya Gécamines, iliyopita tani 470.000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka hadi karibu tani 30.000 mwaka 1994. Sababu za kushuka kule zilikuwa nyingi: vipuri vilikosa, pesa ya kutunza mashini haikurudi migodini, na nchi yenyewe ilikuwa inayumba. Hata hivyo mzee yeyote wa Kolwezi anajua maana ya kula nguzo.

Basi, nikuambie jambo la kampuni moja ambayo sitaitaja. Pale tulikuwa na desturi ya kadena. Fundi akiingia ndani ya mashini, anazima umeme, anafunga kadena yake ku swichi, na ufunguo unakaa mu mfuko yake. Hakuna mwingine anayefungua, hata mkubwa. Haikuwa sheria ya karatasi tu; ilikuwa namna yetu ya kusema kwamba maisha ya mwenzako ni kitu.

Kulikuwa kapita mmoja wa zamu ya usiku, hodari kabisa. Usiku mmoja mkanda wa kubeba mawe ulisimama. Aliona kadena, akafikiri fundi amekwenda nyumbani na kuisahau. Hakutuma mtu kuuliza. Alikata kadena kwa msumeno na kuwasha mkanda. Fundi alikuwa bado ndani. Alitoka na shati imepasuka na ngozi ya mkono imechunika toka kiwiko hadi vidole. Ni Mungu tu.

Asubuhi, ku ubao, ekipi ya usiku ilikuwa ya kwanza.

Mkutano ulikuwa wa makelele. Nusu walisema afukuzwe leo leo. Nusu walisema hapana, huyu njo anatulisha. Kapita mwenyewe alisema: "Miye naleta tani. Bengine banaleta maneno tu." Enjeniere alisikiliza wote, kisha akakata: huyu si kapita tena, primi ya mwezi huu hapati, lakini kazi hapotezi, atakaa miezi mitatu chini ya yule fundi na kujifunza kutengeneza mkanda.

Sitakuficha, tani zilishuka karibu miezi miwili. Primi yetu sote ikapungua, na bibi yangu aliniambia maneno siwezi kuandika mu gazeti ya kanisa. Lakini kuko jambo ambalo ubao haukulijua. Toka siku za mbele mafundi walikuwa wanamuogopa kapita yule. Zamu yake ikifika, hawakuingia mu mashini mpaka mmoja wao asimame ku swichi kuichunga. Kazi ya saa moja ilikula saa tatu, na hasara ile iliandikwa kwa ekipi zilizomfuata. Tani zake nyingine zilikuwa deni la wengine.

Usifikiri ni mambo ya kwetu tu. Paul O'Neill aliongoza kampuni ya alumini ya Alcoa, kule Marekani, toka 1987 hadi 1999. Alipoingia alisema jambo la kwanza ni mfanyakazi asiumie, na wenye hisa wengine walidhani ana kichaa. Faida haikupungua, iliongezeka sana. Lakini jaribu lenyewe lilikuja mwaka 1996. Katika mkutano wa wenye hisa, sista Mbenedikto alisimama mbele ya watu wote na kusema kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kampuni huko Meksiko wameugua kwa gesi. O'Neill alituma watu kuchunguza. Kumbe ni kweli. Wakubwa wa pale walikuwa wametengeneza mahali penyewe, lakini hawakupeleka habari makao makuu, kwa hiyo viwanda vingine havikujifunza kitu. Mkubwa wa tawi lile alikuwa mtu wa matokeo mazuri, kazi yake ilikuwa inakua. O'Neill alimwondoa.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana najua wengine mumeanza kufurahi. Kuko ndugu wa sala, mpole, anasalimia wote, na kila mara anafika ku kazi nyuma ya sirena. Bolti anaifunga nusu. Ukimkemea, wenzake wanasema: "Muache, ni mtu muzuri." Uzuri gani, kama mkanda wake unakatika na wengine wanalala ku kazi kuurudisha? Mtu mwenye moyo mzuri ambaye hajaweza kazi, mpe mwalimu na muda, ao umhamishe mahali anapoweza. Huyo anastahili kungojewa. Lakini anayeweza na hataki, asijifiche nyuma ya Biblia.

Na wakubwa je? Nimeona ukuta umepakwa rangi vizuri, "Usalama kwanza", na chini yake ubao wa tani peke yake, na primi inayolipwa kwa tani peke yake. Kijana anayeingia kazi leo hasomi ukuta. Anasoma ubao.

Pale kwetu, kisha jambo la kadena, enjeniere aliongeza mstari wa pili ku ubao: nani amevunja desturi ya usalama wiki hii, na primi ya ekipi ikahesabiwa kwa mistari yote miwili. Wiki ya kwanza mstari ule ulikuwa na jina moja tu. Lilikuwa jina lake mwenyewe: aliingia ku mashini bila kasike, na mtoto wa kufagia alimwona.