Chuma cha Bibi

Wasomaji wa gazeti letu, wazee walisema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu ni zima, lakini nalimvunjia bibi yangu biashara ya siku tatu, na kisa chenyewe ni cha sabuni.

Bibi anakaa Sokomuhogo, Mji Mkongwe. Kila alfajiri hukaa barazani na jiko lake la makaa akapika vitumbua, akawauzia watu wanaokwenda kazini na watoto wanaokwenda skuli. Kwa vitumbua hivyo ndivyo ninavyopata madaftari na nauli ya kurudi dakhalia. Chuma chake ni cha kusubu, kizito, cheusi kama makaa, chenye mashimo saba, nacho alikirithi kwa mama yake. Tangu udogo wangu nalikuwa nikimsikia akisema, "Chuma hiki hakitiwi sabuni." Sababu yeye hakuitaja, wala mimi sikupata kuiuliza.

Likizo moja nalitaka kumfurahisha. Usiku, yeye keshalala, nalikichukua chuma nikakisugua kwa nyuzi za chuma na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mpaka weusi ukaanza kubanduka. Nikadhani ni uchafu wa miaka mingi. Kisha nikakiroweka katika beseni ya maji ya sabuni, nikaenda kulala nimeridhika na kazi yangu.

Alfajiri bibi alikikuta kimegeuka rangi ya udongo mwekundu. Alikifuta, akakipaka mafuta, akamimina unga wake wa mchele na tui uliokwisha umuka. Vitumbua viliganda, kila alipogeuza kimoja kilikatika. Wateja walisimama, wakatazamana, wakenda zao. Unga wote ulimwagwa, na kwa siku tatu hakuuza kitu, mpaka jirani alipomwazima chuma chake. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, si nalikwambia habari ya sabuni?" Maneno hayo yaliniuma kuliko bakora.

Hata skuli ilipofunguliwa, mwalimu wetu wa kemia alitufanyia jaribio la misumari mitatu. Wa kwanza aliutia katika chupa kavu yenye dawa ya kunyonya unyevu. Wa pili aliutia katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta juu, ili hewa isipite. Wa tatu aliutia katika maji ya kawaida, wazi. Baada ya siku kadhaa ni ule wa tatu tu ulioshika kutu, kwani kutu hutaka vitu viwili pamoja, maji na oksijeni. Nikanyoosha mkono, nikauliza habari ya chuma cha bibi. Darasa zima lilicheka, lakini mwalimu hakucheka.

Alitueleza kuwa weusi ule si uchafu. Ni mafuta yaliyopata moto mkali mara nyingi, chembe zake zikashikana zenyewe kwa zenyewe na kushika chuma, zikawa utando mgumu kama vanishi. Utando huo ndio unaozuia unga usigande na maji yasifike kwenye chuma. Sabuni ya maji ya siku hizi huondoa mafuta yaliyobaki juu, lakini utando wenyewe haiuwezi. Wala haitii ladha chakulani, maadamu chuma kimesuuzwa vizuri. Sabuni nyingi za zamani zilipikwa kwa mafuta na magadi makali, na pengine zilibakiwa na magadi yasiyokwisha kazi. Magadi hayo huula utando. Basi katazo la bibi lilikuwa na asili yake, na kosa langu halikuwa sabuni peke yake. Kosa lilikuwa zile nyuzi za chuma na ule usiku mzima majini, khasa katika kisiwa chetu ambacho hewa yake ina chumvi na unyevu.

Jumamosi ya ruhusa nalikwenda Sokomuhogo. Nalikisugua chuma mpaka kutu yote ikatoka, nikakikausha jikoni, nikakipaka mafuta kidogo sana, nikakifuta kama kwamba sitaki yabaki, nikakiacha juu ya moto mkali saa nzima. Nalirudia hivyo mara nne, na weusi ukaanza kurudi. Jioni nalimwomba bibi anipe ruhusa nitie tone moja la sabuni kitambaani, mbele ya macho yake. Alinitazama kwa muda, akasema, "Haya, kikiharibika utaninunulia kingine." Nalikiosha upesi, nikakisuuza, nikakikausha motoni, nikakipaka mafuta. Asubuhi vitumbua vyote saba vilitoka bila ya kukatika.

Bibi alikula kimoja pole pole, akasema, "Sabuni yenu si kama yetu. Ya kwetu ilikuwa ikichoma mikono." Kumbe sababu alikuwa nayo siku zote, ila hapana aliyemuuliza.

Hata leo bibi huosha chuma chake kwa maji moto na makumbi ya nazi, nami sibishani naye. Wenzangu, nawaomba tulisikie la mkuu, kisha tumuulize kwa adabu sababu yake, kabla hatujatia mkono.