Mzazi wake nani?

Mama zangu, leo naacha kidogo habari za chanjo na homa.

Mtoto akihitaji upasuaji, sisi manesi lazima tuulize mzazi wake nani, maana kuna fomu ya ridhaa ya kusaini. Kwenu ni swali jepesi. Sasa sikieni ya manesi wenzangu wawili wa Michigan, Marekani.

April DeBoer alikuwa wodi ya watoto wachanga, Jayne Rowse idara ya dharura. Ni wapenzi, wanaishi pamoja. Kuanzia 2009 wakachukua watoto wa kulea. Mmoja alizaliwa njiti, mama yake akamwacha, akahitaji kuangaliwa saa 24. Wenye njiti mnajua, usingizi mnausikia kwa jirani tu. Watoto wakafika watatu, lakini sheria ya pale iliruhusu kuasili kwa mtu mmoja peke yake au mume na mke tu. Basi Rowse akaandikwa mzazi wa wavulana wawili, DeBoer wa msichana. Wanakula sufuria moja, kwenye makaratasi ni familia mbili! Rowse angefariki, DeBoer asingekuwa na haki yoyote kwa wale wavulana anaowaamkia usiku.

Mwaka 2012 wakaenda mahakamani. Jamani, hawakwenda kudai ndoa, waliomba kuasiliana watoto tu. Ni Jaji Bernard Friedman aliyewaonyesha kwamba kikwazo ni katazo la ndoa ya jinsia moja, wakabadilisha madai. Machi 2014 akawapa ushindi, Novemba mahakama ya rufaa ikautengua. Kesi ikapanda Mahakama ya Juu, ikaunganishwa na ya Jim Obergefell wa Ohio, aliyetaka atambuliwe kwenye cheti cha kifo cha mume wake. Tarehe 26 Juni 2015, majaji 5 kwa 4, ndoa hizo zikatambuliwa nchi nzima.

Najua wengine mmeshakunja uso. Mambo ya dini sibishani nanyi. Ila mimi naangalia nikiwa kando ya kitanda cha mtoto: kumnyima mzazi anayemlea kwa sababu hatupendi mapenzi ya wazazi wake ni kumwadhibu asiyehusika. Wanaosema sheria ile ililinda watoto, waniambie ilimlinda yupi kati ya wale watatu.

Agosti 2015 Friedman mwenyewe akawafungisha ndoa. Kabla mwaka haujaisha, kila mmoja akawa ameasili watoto wa mwenzake.

Kesho tunarudi kwenye uji wa miezi sita, leteni maswali.