Kijiwe cha Oosterpark

Ndugu zangu wa nyumbani,

Huku jua limetoka, na Amsterdam nzima imejimwaga kwenye nyasi. Mimi kituo changu ni Oosterpark, bustani ya umma iliyofunguliwa mwaka 1891 upande wa mashariki wa mji. Leo niwape habari za sanamu moja ya shaba iliyomo humo. Kwetu anayechongwa ni rais, au askari na bunduki yake. Hapa waliochongwa ni vijana wa kijiweni.

Tena ni wa kubuni. Wametoka kwenye Titaantjes, hadithi ya Nescio ya mwaka 1915, na mchongaji Hans Bayens akawatengeneza mwaka 1971. Hadithi yenyewe haina vita wala mfalme. Vijana wasio na kitu mfukoni wanaegemea uzio wa bustani hii usiku wakati wa kiangazi, wanapiga soga, wana hakika kwamba watafanya jambo kubwa. Jambo gani? Hata wao hawalijui. Miaka inakwenda, wengi wanatulia. Bavink, mchoraji aliyetaka kulikamata jua kwa brashi, anaikatakata picha yake mwenyewe na akili inamruka.

Kinachonichekesha zaidi ni mwandishi. Nescio ni jina la kujifichia. Mwenyewe aliitwa Grönloh, mtu wa tai na mafaili, aliyepanda hadi ukurugenzi wa kampuni iliyofanya biashara na India. Hakutaka wafanyabiashara wenzake wajue kwamba bwana mkubwa anaandika habari za wazururaji.

Lakini uzio wa Oosterpark una kisa kingine. Humo humo bustanini upo mnara wa kitaifa wa kumbukumbu ya utumwa, kazi ya Erwin de Vries wa Suriname, koloni la zamani la Waholanzi. Ulipozinduliwa tarehe 1 Julai 2002 mbele ya Malkia Beatrix, watu wa kawaida, wengi wao wazao wa watumwa, walizuiwa nje ya uzio kwa kisingizio cha usalama, wakaambiwa watazame kwenye skrini. Vijana wa Nescio waliegemea uzio kwa kupenda kwao. Hawa je? Wasuriname wa hapa wakilitaja jambo hilo, sauti hupanda hadi leo.

Mkipanga kuja, njooni tarehe 1 Julai, sikukuu ya Keti Koti ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa, na mje na njaa. Ila chakula chake si cha bei ya mama ntilie.