Lubumbashi mpaka Kinshasa: saa ya wapi?

Wamama wapenzi, wengi mmetuuliza safari ilikuwaje. Basi tunawaeleza.

Tulikwenda watatu, kumzika mama aliyetunza feza za chama chetu miaka mingi, kabla ya kuhamia Kinshasa kwa mtoto wake. Tulibeba mchango wenu, pamoja na kikwembe cha chama cha kumfunika.

Kwa ndege, kutoka Luano mpaka N'djili ni kilometa 1550 hivi, na angani ni masaa 2 na kidogo. Kwa chini ni habari nyingine: treni kupitia Kamina na Kananga mpaka Ilebo, kisha mashua kwenye mto Kasai, kuingia mto Congo pale Kwamouth, na kushuka mpaka Kinshasa. Maiti haingoji hiyo.

Ndege ilipashwa kuruka saa 3 asubuhi. (Jina la kampuni tunaliacha.) Tangu saa 12 tulikuwa Luano, tumekaa juu ya mizigo, tunatafuna karanga, na hakuna aliyetueleza kitu. Ikaruka saa 7 mchana.

Familia ilikuwa imetuambia: maombi saa 9, kisha sanduku linafungwa. Tukahesabu kwa vidole. Saa 7 na masaa 2 ni saa 9, nasi tuko bado angani! Mmoja wetu akaanza kulia kimya-kimya, kikwembe magotini. Wengine wawili hatukuwa na neno la kumwambia.

Tulipotua, papa mmoja aliyeketi karibu akauliza: «Mama, mnalia nini?» Tukamwambia. Akatuonyesha saa yake, ambayo alikwisha kuirudisha nyuma. Saa 8 na robo.

Kila mtu wa Lubumbashi anajua kama Kinshasa iko nyuma kwa saa 1. Goma, Bukavu, Kisangani, Kananga wanafuata saa yetu. Kinshasa, Matadi na Mbandaka wana yao. Tunaisikia kila siku kwenye redio. Lakini huzuni inasahaulisha.

Ikabaki njia. N'djili ni mbali na katikati ya mji, kilometa 25 hivi, na bulvari Lumumba ilijaa magari yasiyosogea. Bahati kilio kilikuwa Limete, si ng'ambo ya pili ya mji. Dereva wa taksi alipoona kikwembe hakuuliza zaidi, akaingia vichochoro, sisi tumeshika milango. Tulifika saa 9 na dakika 10. Walikuwa wanaimba bado. Tulimwona uso. Tulimfunika sisi wenyewe.

Kurudi ni kinyume: unaondoka Kinshasa saa 4 asubuhi, unashuka Luano saa 7 imepita, na bukari ya mchana imepoa nyumbani.

Watoto wake watakuja mwezi ujao kusalimia ndugu za mama yao. Walituambia watatua saa 8. Tukawauliza: saa ya wapi? Wakasema, ya Lubumbashi.