KICHENI PATI YA MDOGO WANGU, SEHEMU YA 3: VIBUYU VYA MYOMBEKERE

Mwenzenu nimetoka shifti ya usiku, nimelala saa mbili tu, na sasa nimekaa sebuleni nimezungukwa na majani makavu ya migomba mpaka paka hana pa kupita. Mlioniuliza kama shughuli ipo palepale: ipo, zimebaki wiki tatu.

Kwa waliokosa sehemu mbili za mwanzo: mdogo wangu anaolewa, mimi dada mtu nimepewa mapambo, bajeti ni laki mbili, na bibi harusi anataka ukumbi uwe kama kitabu cha hadithi. Wasichana wa kamati walileta picha kwenye simu: majumba ya wafalme wa Ulaya, kiatu cha kioo, farasi weupe. Nikasema jamani, sisi watu wa Mwanza hadithi yetu ipo hapo ng'ambo ya maji tu, Ukerewe.

Ni hadithi ya mzee Aniceti Kitereza. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikakaa miaka na miaka bila mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, vitabu viwili vinene. Mwaka uliofuata akafariki. Nakala tumeazima kwa mwalimu mstaafu jirani yetu wa Kirumba, jalada limeshikiliwa na plasta. Ametuapisha: hakuna kuchana ukurasa hata mmoja. Kwa hiyo maneno ya mapambo tunaandika kwa mkono kwenye maboksi ya maji yaliyokatwa.

Ambaye hajaisoma nimweleze kwa ufupi. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, ila hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno, wanataka aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka wakisikia binti yao anatukanwa, wanakuja kumchukua. Myombekere hakuoa mwingine. Alimfuata mkewe ukweni, akaomba arudishiwe. Wakwe wakamtoza pombe ya ndizi. Sasa mwanaume aliyeachwa peke yake nyumbani, pombe ataipikaje? Alihangaika mpaka ikapatikana, akaipeleka, akarudi na mke wake.

Basi tumepanga meza nne. Ya kwanza ni nyumba yao: ungo, mkeka, chungu na mwiko. Ya pili ni safari ya Bugonoka kurudi kwao: mtumba mdogo wa nguo umefungwa kwenye kanga, na njia ya mchanga tuliouchota ufukweni. Ya tatu ni pombe: mtumbwi wa kukamulia ndizi tumeutengeneza kwa maboksi na uji wa unga wa ngano, na pembeni tunaweka mtama. Ya nne ni kurudi nyumbani, na hapo ndipo atakapokaa bibi harusi.

Majani ya mgomba ndiyo maua yetu. Chukua yaliyokauka kwenye shina, yaloweke kidogo yalainike, yafute, yalaze chini ya godoro usiku mmoja. Kisha unakata vipande virefu, unakunja na kuzungusha kama unafunga bandeji kwenye kidole, unashona chini kwa uzi. Hapo uuguzi umenisaidia, mkono unajua wenyewe. Vibuyu tunatoboa kwa msumari uliopashwa moto, tunaweka taa ndogo za betri ndani. Mshumaa hapana, majani makavu yale.

Mjumbe mmoja alishauri tutundike vyandarua vya kliniki ukutani, eti ni vyeupe na ni vya bure. Nikamwambia kile chandarua mama mjamzito amepewa alale ndani yake. Tutatumia shuka.

Sasa niwaambie kilichoninyima usingizi, maana si shifti peke yake.

Kikao cha Jumapili, shangazi alisimama akasema meza ya nne ina kasoro. Anataka kitanda cha mtoto, mwanasesere na vinguo vidogo, kwa sababu mwishoni Bugonoka alitibiwa akazaa, mvulana Ntulanalwo na msichana Bulihwali. Kitabuni ni kweli. Akaongeza, "Kicheni pati bila baraka ya mtoto tunamfunda nini huyu?" Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nikainama, nikaendelea kukunja majani.

Wengi wenu mnanifuatilia kwa maswali ya kliniki, na hili sijawahi kuliandika. Nina miaka tisa kwenye ndoa. Sina mtoto. Kwenye kicheni pati yangu walinifunga mwanasesere mgongoni kwa kanga mpya, nikacheza naye ukumbi mzima, watu wakanitunza hela. Nilifurahi sana siku ile. Mwanasesere bado yupo juu ya kabati. Kila nikifuta vumbi tunaangaliana.

Sikusema hayo kikaoni. Nilisema ya kazini, kwa sababu ndiyo ninayoweza kuyasema bila sauti kukatika. Nikawaambia Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023: karibu mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo la kushindwa kupata ujauzito katika maisha yake. Kwamba tunalihesabu tatizo baada ya miezi 12 ya kujaribu bila kinga. Kwamba tatizo linaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote, na kipimo cha mbegu za mume ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyopimwa mke. Lakini anayekuja hospitali kwanza, tena peke yake, mara nyingi ni mwanamke. Shangazi akasema, "Mwanangu, hapa si hospitali."

Ni mdogo wangu aliyesimama. Akasema, "Shangazi, mimi nilichokipenda kwenye hadithi ni kwamba yule bwana alimfuata mkewe kabla hajajua kama atazaa. Meza yangu iishie hapo." Akakaa. Hakuniangalia, na nilimshukuru kwa kutoniangalia.

Shangazi hakufurahi, nisiwadanganye. Mpaka leo amenuna, na mchango wake hajautoa. Lakini jana jioni mama alikuja kwangu na kibuyu kikubwa cha bibi, kile cha maziwa, akakiweka mezani. Mama hajawahi kuniuliza kuhusu mtoto hata siku moja, wala jana hakuuliza. Alisema tu, "Hiki usikitoboe. Kiweke meza ya mwisho." Akachukua majani, tukakunja wote mpaka saa nne usiku.

Nilipomsindikiza nikapanda kiti, nikashusha kitu kutoka juu ya kabati. Mwanasesere nimemrudisha. Kanga aliyofungiwa nimeifua, ndiyo itakayotandikwa kwenye kiti cha bibi harusi.

Wewe uliye kwenye kamati ya mtu wiki hii, kabla hujaweka kitanda cha mtoto mezani, muulize kwanza bibi harusi, mkiwa wawili tu.

Sehemu ya nne nitawaeleza namna ya kukausha kibuyu kisioze, maana viwili vimeshaniharibikia.