Mnara wa Chumbe Katika Picha ya Kioo

Sisi watu wa Usambara bahari twaijua kwa mbali. Hutufikia ikiwa chumvi na dagaa, baada ya kupanda kutoka Mombo kwa zile kona za barabara ya Lushoto. Basi nilipoonyeshwa hapa Lushoto picha ya kioo yenye mnara wa taa, nilitaka kujua habari zake.

Picha yenyewe imebanwa katikati ya vioo viwili vyembamba, vumbi lisiiguse, na kuzungushiwa utepe wa karatasi. Yatosha kiganjani. Zamani wamisionari waliziweka picha za namna hii mbele ya taa, zikatokea kubwa juu ya shuka nyeupe, na watu wakaona Bethlehemu na Roma wakiwa wamekaa chini kijijini kwao. Uliye nayo nyumbani, ishike pembeni na usiianike juani.

Mnara ule ni wa Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya mji wa Unguja. Waingereza waliujenga mwaka 1904. Kisiwa ni jiwe la matumbawe tupu, na miamba yake mingine imejificha majini. Nahodha aliyekuja usiku kutoka kusini aliweza kuupasua mtumbwi au meli kabla ya kuona lolote. Ndani ya mnara zimo ngazi 131. Mlinzi wa taa alikaa huko na jamaa yake, wakajengewa na msikiti mdogo wa kusalia. Mimi nawastaajabia watu hao kuliko mnara. Kisiwa hakina chemchemi hata moja! Sisi ambao vijito vyapita nyuma ya migomba yetu tungeweza?

Mwaka 1926 taa ya Chumbe iliwekewa mitambo ya gesi ya kampuni ya AGA ya Uswidi. Mkuu wa kampuni hiyo alikuwa Gustaf Dalén, aliyebuni kifaa cha kuifunga gesi kunapokucha na kuifungua giza linapoingia, bila mkono wa mtu. Siri yake ni fimbo nyeusi: hunyonya joto la mwanga wa jua, ikarefuka kidogo na kuziba njia ya gesi, jioni hupoa, ikafupika, njia ikafunguka. Mwaka 1912 gesi ilimlipukia katika majaribio, akapofuka macho yote mawili. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya Nobel. Aliendelea na kazi kipofu hivyo hivyo mpaka alipofariki mwaka 1937, na mabaharia wakaendelea kuona kwa taa zake.

Mwaka 1994 matumbawe ya Chumbe yaliwekwa kuwa hifadhi, na wavuvi wa jirani wakaajiriwa kuwa walinzi wake. Nyumba ya mlinzi wa taa sasa hupokea wageni.

Atakayeona Unguja ni mbali, ateremke Tanga. Mbele ya ghuba kipo kisiwa cha Ulenge, nacho kina mnara wa zamani za Wadachi, na magofu ya nyumba walimopumzika wagonjwa wao. Reli yao, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Mombo mwaka 1905. Tangu hapo waliochoshwa na joto la pwani walipata njia nyepesi ya kupanda kwetu kufuata baridi.

Kwenda Ulenge ni kwa mashua. Uliza wavuvi kwanza habari za upepo.