Kobe Asiyeonekana wa Ziwa Nyasa

Ukijaaliwa kufika Mbamba Bay, ndugu msomaji, chagua siku ambayo upepo wa mwera umetulia, uende ufukoni mapema. Mbele yako ni ziwa lenye kina cha mita 700 hivi, linaloshirikiwa na Tanzania, Malawi na Msumbiji. Usitazame mbali. Mnyama ninayetaka umfahamu hukaa karibu na miguu yako, kwenye mchanga na tope la kina kifupi.

Huyu ni kobe wa maji baridi, apatikanaye pia Rufiji na Ruvuma. Mjerumani Wilhelm Peters alimwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1854, akampa jina Cycloderma frenatum. Wavuvi walikuwa wakimjua zamani. Mgongo wake umevikwa ngozi laini, nao waweza kuzidi sentimita 50. Nyuma ya tumbo ana vipande viwili vya ngozi. Akiingiza miguu ndani, huifunika navyo. Pua yake imechongoka mfano wa mrija. Hujifukia mchangani, akatokeza pua hiyo tu kuvuta pumzi, nawe waweza kumpita mara kumi usimwone.

Chakula chake hasa ni kome na konokono, ambao huwachimbua kwa miguu ya mbele. Samaki naye humla akimpata. Kwa sababu hiyo ukubwa wa ziwa haumfai kitu. Chini ya mita 250 hivi maji hayana oksijeni, na hapana kome aishiye huko. Nchi yake ni ule ukanda mwembamba wa pwani, nao ndio tunapofulia, tunapoteka maji, na ndipo kokoro hukokotwa likikwangua mchanga, ingawa sheria yetu imelipiga marufuku. Hata mayai huyafukia kwenye mchanga wa ukingoni, pale pale watu wapitapo.

Tena nyama ya kobe wa jinsi hii inatafutwa sana Asia. Mwaka 2016, mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kwamba asiuzwe nje ya mipaka pasipo kibali.

Ukimkuta wavuni, mshike nyuma kabisa ya gamba: shingo yake ni ndefu kuliko udhanivyo, na aweza kuuma. Mrudishe majini kifudifudi. Huenda akazama mchangani kabla hujanyoosha mgongo.